Waitikiaji wa Mzee Osea

Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Hata mchungaji wetu hapa Ibaba analijua hilo, na akitaka jambo lisemwe bila kuzungushwa ananiita mimi. Kwa hiyo siku ngoma ilipokatika ghafla mbele ya gari la chuo kikuu, watu wote walinitazama mimi badala ya kumtafuta mpigaji.

Ngoja nianze vizuri. Mimi ni Ikupa, katibu wa Kikundi cha Utamaduni Lusubilo. Miaka mitatu nimekiandikia chuo barua mpaka wakakubali kushirikiana nasi: wao warekodi nyimbo zetu za kupalilia ulezi na kuzitunza, sisi tuwafundishe wanafunzi wao kila mwaka. Walikuwa na sharti moja, kwamba mwenye nyimbo aimbe na kuhojiwa yeye mwenyewe kabla ya kusaini. Na mwenye nyimbo amebaki mmoja tu, Mzee Osea, miaka sabini na minane. Tena alikubali kwa shida. Alisema hataki sifa, ila ana wajukuu wawili Dodoma, kwenye simu wanamwambia shikamoo babu kisha wanakimbia kucheza. Labda nyimbo zikikaa chuoni, siku moja zitawafikia.

"Nisizikwe nazo, Ikupa," aliniambia. "Hilo tu."

Basi bwana, siku ikafika. Vitenge vya sare nilivifuata mwenyewe Tunduma, nikabishana na mama mmoja wa Kizambia mpaka akaomba amani. Viazi vimechemshwa, ukungu umeshapanda, gari hilo linaingia. Tukaanza kucheza. Akashuka kijana mwenye kamera, Sebastian, na nyuma yake mama mmoja mrefu, ndiye Daktari Sekela tuliyekuwa tunaandikiana naye. Ngoma ikanyamaza. Nikageuka, Mzee Osea hayupo. Nikageuka tena, Daktari naye hayupo. Amechuchumaa nyuma ya gari, mtandio umemfunika mpaka puani.

Nilianza na mzee. Nilimkuta katikati ya shamba la pareto, kaikumbatia ngoma, anahema. Nikafungua mdomo nimwage yote niliyokuwa nayo. Akaniwahi.

"Yule ni mkamwana wangu," akasema. "Mke wa Yonasi."

Kwa wasiojua, kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini. Hawatajani majina, na neno likibidi kusemwa linapitia kwa mtu wa tatu. Mzee alimwona Sekela mara moja tu kabla ya posa, na harusi ilifungwa Dodoma yeye akiwa huku na viazi vyake. Sisi wengine mke wa Yonasi tulimjua kwa jina la Mama Faith, sura yake hatukuijua. Na Daktari wa watu hakuwa na kosa. Alijua baba mkwe wake yuko Ibaba, lakini kwenye orodha niliyomtumia hakuona Osea. Aliona Kipanga, jina la mzee la ngomani, maana mimi kwa akili zangu niliona barua ya ngoma inafaa majina ya ngomani. Na mzee nilimwambia tu Daktari wa chuo anakuja, jina sikumtajia.

Nikamwambia mzee dunia imebadilika, kuna watu kanisani wanakaa benchi moja na wakwe zao na hakuna aliyekufa. Nilipaza sauti pia, nakiri. Akasubiri niishiwe.

"Mnataka kuitunza mila kwa kuivunja?"

Nikarudi kwa Daktari, naye akawa na msimamo uleule: hawezi kumwaibisha baba wa mume wake mbele ya kijiji chake, afadhali arudi chuoni aandike kwamba imeshindikana. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamtazama Sebastian, lakini kijana wa watu hajui hata salamu ya Kindali, na mzee anaimba na kueleza kwa Kindali. Niliumia, jamani. Nyimbo za mzee zilikuwa zinakwenda kaburini mchana kweupe, na mimi nimevaa sare mpya. Nikashika kiuno, nikaangaza huku na huku, nikaliona jiko langu.

Jiko langu ni la mianzi, ukuta wake unaficha sura lakini haufichi sauti. Mzee nikamwingiza ndani pamoja na Sebastian na kamera yake. Daktari nikamkalisha nje kwenye kigoda, kaupa ukuta mgongo. Mimi nikakaa mlangoni, ndimi mtu wa tatu.

We acha tu. Wanasikiana vizuri kabisa, ila kila neno lazima lipite kwangu. Daktari anauliza wimbo huu uliimbwa wakati gani, mimi naingiza kichwa ndani nauliza, mzee anajibu, natoa kichwa nje narudia. Mzee akikohoa, wanawake wa kikundi wananiuliza mbona hicho kikohozi sijakipeleka. Nikawaambia atakayecheka tena atakuja kukaa hapa yeye.

Nyimbo nane zikapita. Wa tisa, mzee akasita. Ni wa kufungulia palizi, akaeleza, mmoja anaita na wengine wanaitikia. Waitikiaji wote wamekufa, wa mwisho alikuwa marehemu mkewe. Kikundi chetu hatuujui. Yeye ataimba sehemu yake, na pale pa kuitikia ataacha kimya, ili wanaosikiliza wajue palikuwa na watu. Nilimpelekea Daktari maneno hayo.

Mzee akapiga ngoma, akaita, akaacha kimya.

Nje ya ukuta, sauti ya mwanamke ikaitikia.

Iliitikia maneno yote, na kule kuvuta mwishoni ambako mke wa mzee alikuwa anavuta. Mzee akainua kichwa. Akaita tena, mbiombio, kama anayemjaribu mtu, ikaitikiwa tena. Wakaenda hivyo mpaka wimbo ukaisha, na mimi pale mlangoni sina kazi.

Mzee akatuliza mikono juu ya ngozi ya ngoma. "Muulize amejifunza wapi."

Nikatoa kichwa. Daktari alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Mwambie mzee, Yonasi anauimba kila jioni akiwaogesha watoto. Yeye anaita. Mimi na watoto tunaitikia."

Niliyarudisha maneno hayo ndani taratibu, nisidondoshe hata moja. Mzee akajifuta uso kwa kiganja. Kisha akacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu msiba wa mkewe, akaipiga ngoma mpaka masizi ya darini yakamwangukia Sebastian na kamera yake. Wanawake wakaingia kucheza bila kuambiwa, na mimi nikawa wa kwanza.

Mkataba ulisainiwa mchana huohuo. Mzee alisaini ndani, nikaitoa karatasi nje, Daktari akasaini juu ya gunia la viazi. Gari lilipowashwa, mzee akaniita kwenye mlango wa jiko.

"Mwambie," akasema, kwa sauti ambayo hata dereva aliisikia, "msimu wa palizi asije na kamera peke yake. Aniletee waitikiaji wangu."

Daktari alikuwa ameshatikisa kichwa kukubali, mtandio mpaka puani. Hata hivyo nilitembea hadi kwenye dirisha la gari nikamwambia vilevile mzee alivyosema, maana hiyo ndiyo kazi niliyopewa.