Swichi Niliyoitia Mfukoni

Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, ni muuguzi mstaafu. Mumewe alipofariki alimwachia gari dogo la michezo, la viti viwili na paa la turubai, kuukuu kuliko ndoa yao. Likishika barabara kuu, injini ilipiga kelele mpaka masikio yanaziba. Akaniomba nilifungie ovadraivu, kile kifaa kinachokaa nyuma ya giaboksi na kuipumzisha injini gari linapokwenda kasi.

"Utaweza, shemeji?"

"Mbona kazi ndogo hiyo," nilimjibu, mafundi wenzangu wakisikia.

Haikuwa ndogo. Nilishusha giaboksi, nikabadilisha shafti ya nyuma, nikaikata ifupike propela, fimbo ya chuma inayozungusha magurudumu ya nyuma. Siku ya nne ikabaki swichi moja tu, ya kuzuia ovadraivu isishike gari likiwa kwenye rivasi. Waya wake ulikuwa mfupi, haukuifikia. Duka la nyaya lilikuwa ng'ambo ya barabara, lakini shemeji alikwishafika na mimi nilitaka sifa. Nikaunga waya wa ovadraivu moja kwa moja bila kupitia swichi, yenyewe nikaitia mfukoni.

Siku tatu baadaye alitoka getini kwake kinyumenyume, kitufe cha ovadraivu kimewashwa. Kikalia kishindo, gari likagoma palepale.

Nilipofika, majirani walikuwa wamejaa.

"Nimekuharibia kazi yako, shemeji," alisema. "Marehemu alikuwa akinicheka, eti rivasi siijui. Nisamehe."

Watu wakacheka. Nami nikasema, "Hutokea."

Wiki ikapita. Mke wangu, akikunja nguo, akaniambia, "Dada amelifunika gari lile. Anasema mikono imezeeka. Jana nimempa langu aendeshe, amekataa."

Nilishindwa kumtazama. Asubuhi nikaenda kwa shemeji, nikamkuta anapiga pasi.

"Mikono yako haina kosa," nikamwambia. "Kuna swichi niliiacha makusudi."

Akaisimamisha pasi. "Ulijua siku ile?"

"Nilijua."

"Na ukaniacha nikuombe msamaha mbele za watu."

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Nimekaa wodini miaka thelathini," alisema polepole. "Ukikosea dawa, unasema hapohapo. Mgonjwa hawezi kungoja mpaka uimalize aibu yako. Basi nenda ukawaambie na majirani."

Nikaanza na fundi cherehani wa nyumba ya pili. Alisimamisha cherehani, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Haya," akasema. "Sasa kamwambie na yule wa kona, maana ndiye aliyecheka sana."

Nikaenda. Uso ulikuwa ukiniwaka kama nimeuinamia moto.

Ovadraivu niliifungua na kuitengeneza upya, mara hii na swichi yake. Gari linatembea vizuri, na shemeji analiendesha. Akinikuta ananisalimu, ananiuliza habari za nyumbani. Ila likihitaji hata kubadilishwa oili, hulipeleka kwa fundi mwingine, nami sijathubutu kumuuliza kwa nini.