Mtoto Aliyetolewa kwa Utani

"Mchukue basi, nimekupa!"

Mama alisema hivyo mikono imejaa povu la sabuni, na mdogo wangu yuko mgongoni, analia tangu asubuhi. Nani hajawahi kumsikia mama akisema hivyo? Utani mtupu. Ila aliyekuwa mlangoni akimsifia mtoto alikuwa jirani yetu wa ghorofa ya juu, naye ni jini wa kike, na majini hawajui utani.

Usidhani alikuwa mbaya. Alikuwa dobi, akipiga pasi kwa viganja vitupu, na mashati ya mtaa mzima yalipita mikononi mwake. Siku ile alisogea karibu.

"Kweli, dada?"

"Kweli! Niondolee kelele," mama akacheka.

Jini akamfungua mtoto mgongoni mwa mama, akampokea kwa mikono miwili, akalia machozi. Mtoto akanyamaza papo hapo.

Jioni mama alipanda kumfuata mwanawe. Jini alimsikiliza hadi mwisho, akaduwaa. Kwao kinachotolewa kwa mdomo hakirudishwi. Hata hivyo yeye mwenyewe alishuka na mtoto, maskini, akitaka kumridhisha mama. Alipovuka tu kizingiti chetu, mtoto alikata pumzi, midomo ikabadilika rangi. Mama ndiye aliyepiga kelele, "Mrudishe! Mrudishe juu!" Mimi nilikuwa nimesimama na ufagio mkononi, sijui nifanye nini nao.

Baba alikwenda polisi. Wakamwuliza kama mkewe alilazimishwa. Hakulazimishwa. Basi mzee, wakamwambia, hapo hakuna kesi. Tulijaribu kumpitisha mtoto dirishani. Tulijaribu kumpeleka nyumbani kwa shangazi. Kote alikata pumzi, na kila mara alichelewa zaidi kuipata tena akirudishwa juu. Tukaacha, maana tungemuua kwa mikono yetu.

Jamani, acheni tu. Nililala chali nikimsikia mdogo wangu akijifunza kutembea juu ya dari yetu. Hatua, kishindo, kicheko cha jini. Mama aliongeza sauti ya redio, halafu akaipunguza tena.

Alikua vizuri, siwezi kusema uongo. Msafi, ana adabu. Siku moja alisimama nje ya mlango wetu, katumwa chumvi.

"Shikamoo, mama jirani."

"Marahaba."

Mama aliifunga ile chumvi kwenye karatasi, akaifungua, akaifunga upya. Mtoto alisubiri, akichezesha kidole ukutani. Mwisho mama akanyoosha mkono nje ya kizingiti, akampa.

"Nenda upesi," akasema. "Mama yako anasubiri."