Akili Timamu za Bibi Pasi

Bibi Pasi alikuwa amevaa gauni lililopigwa pasi mpaka mistari ikasimama, na ndani ya gauni hilo kulikuwa na hasira ya mwaka mzima. Jina hilo alilipata hospitalini, alikosimamia chumba cha kufulia hadi alipostaafu. Sasa ameketi mbele ya wakili, mkoba mapajani, na pembeni yake kitindamimba wake anajibu maswali asiyoulizwa.

"Mama, unaishi wapi?" wakili aliuliza.

"Andika hivi," mtoto akadakia.

"Nimemuuliza yeye."

"Mama siku hizi haelewi vizuri, ndiyo maana nimemsindikiza. Wewe niulize mimi tu."

Wakili alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyechoshwa na ndugu za watu. Aliweka kalamu chini. "Haelewi, halafu umemleta asaini kukupa nyumba?"

"Kuelewa anaelewa. Ni uzee tu."

Ndivyo alivyo huyo bwana: maneno yake hugeuka kabla hayajapoa. Mwaka uliopita alimpeleka mama yake mahakamani, na njiani akamwambia, "Wewe nyamaza tu, Mama, mambo ya karatasi niachie mimi." Bibi Pasi alidhani ni pensheni iliyochelewa. Hakimu akamuuliza leo ni siku gani, mtoto akajibu yeye. Hakimu akauliza ana watoto wangapi, mtoto akashusha pumzi na kujifuta machozi ambayo hayakuwepo. Akatoa na barua ya daktari ambaye Bibi Pasi hakuwahi kumwona kwa macho. Hapo ndipo mama alipong'amua kwamba anatangazwa punguani, naye akanyamaza, maana angemuumbuaje mwanawe mbele za watu? Wahenga walisema mficha uchi hazai. Yeye alikwisha kuzaa, tena kwa uchungu, na bado akaendelea kuficha.

Tangu siku hiyo pensheni ikawa inapita mikononi mwa kitindamimba. Mama alikuwa akiletewa kipande cha sabuni na sukari ya kubabaisha, kwa mkono wa mtu anayetoa sadaka. Alipoomba miwani aliambiwa, "Miwani ya nini, Mama, kwani unasoma nini?" Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Lakini tamaa haina kituo. Nyumba ya mama ilikuwa haijaguswa, kwa kuwa kuiuza kulihitaji ruhusa ya hakimu yuleyule, na hakimu angetaka kwanza kujua pensheni imeliwaje. Kitindamimba akaona njia ya mkato: amtafute wakili asiyejua habari za mahakama, mama aitoe nyumba kama zawadi, yaishe. Mwaka jana mama alitakiwa kunyamaza, mwaka huu anatakiwa kusema ndiyo. Alimfanya redio, ya kuwashwa na kuzimwa. Mpangaji wa chumba cha mbele nyumbani kwa mama ndiye aliyemdokeza kwamba stoo ya nyuma ya nyumba ya mwanawe imeanza kusafishwa, na kitanda kimoja kimeingizwa humo.

"Toka nje," wakili alimwambia mtoto.

"Mimi ni mwanawe wa kumzaa."

"Ndiyo sababu. Hapa anayetoa husikilizwa peke yake."

Akatoka akibamiza mlango. Ulikuwa mlango wa kioo, akasimama nyuma yake na kumtikisia mama kichwa: ndiyo, ndiyo.

"Mama, unataka kumpa nyumba yako?"

Bibi Pasi alikitazama kile kichwa kinachotikisika, akafikiria ile stoo. "Mimi siruhusiwi kutaka kitu," akasema. "Mahakama imeamua sina akili." Kisha akaeleza yote, bila kulia na bila kupamba.

Wakili alikasirika, na kwanza alimkasirikia yeye. "Nawe ukakaa kimya?"

"Nilikaa. Ni mwanangu."

"Ulimlea vibaya."

"Najua. Usinifundishe."

Wakatazamana kwa ukali, na hapo wakaelewana. Wakili akamweleza kwamba amri ile inaweza kufutwa. Atapimwa na daktari asiyechaguliwa na mwanawe, hakimu atamsikiliza peke yake, na mtoto atatakiwa kueleza pensheni aliyoipokea na kurudisha aliyoila. "Ila yatakuwa mbele za watu, mama. Ataaibika, na anaweza hata kushtakiwa."

Bibi Pasi alifungua mkoba, akaufunga tena. "Mwite."

Kitindamimba aliingia na tabasamu. "Tumemaliza?"

"Nisaidie kidogo," wakili alisema. "Mama yako ana akili timamu au hana?"

"Inategemea."

"Sheria haina inategemea. Kama hana, hawezi kukupa hata kijiko. Kama anazo, basi ulimdanganya hakimu, na pensheni utaitapika."

Tabasamu likamfutika. "Mama, umesema nini humu ndani?"

"Nimesema ulichokifanya."

"Unaniaibisha mbele ya mtu baki?"

"Sijaanza."

"Sawa. Basi tuone nani atakuletea hata hiyo sabuni. Tuone nani atakuzika."

"Mimi nimefua mashuka ya hospitali nzima," Bibi Pasi alisema. "Sabuni nilikuwa naijua kabla sijakujua wewe. Na kuzikwa ni kazi ya watakaobaki, mimi haitanisumbua."

Wakili hakuwapa nafasi ya kuendelea. "Nimekuuliza swali, bwana. Anazo au hana?"

Kitindamimba alimtazama mama yake kwa macho ya zamani, yale ya mtoto aliyevunja chombo akitaka mama aseme ni paka. Safari hii mama hakusema paka.

"Mimi nilinyamaza, wakaniandika punguani," alimwambia. "Nyamaza na wewe, tuone watakuandika nini."

Wakili akaichukua kalamu yake.