Tulivyobomoa Nyumba Kukwepa Kodi

Maneno yenyewe yalikuja na lori la mchele. Dereva aliyatoa Iringa, akayamwaga Ubaruku walipokuwa wakipakia magunia, na kabla mchele haujashushwa hapa Mbeya yalikuwa yameshafika dukani kwa Bwana Muhidini: kwamba mwaka huu Serikali haitahesabu vichwa tu, itahesabu na mapaa na magurudumu. Mwenye mapaa mawili atalipa mara mbili. Mwenye baiskeli atalipia kila gurudumu peke yake.

Nilijaribu kuyatupa maneno hayo, yakakataa. Nikishika jembe yapo. Nikiwa kanisani, kinywa kinaimba huku moyo unahesabu mapaa ya mji wetu: la kwangu na mume wangu Jailos, na la mwanangu Gideoni na mkewe Alinanuswe, kule nyuma ya migomba.

Ninyi msio Wanyakyusa niwaeleze kidogo, maana bila hili hamtanielewa. Kwetu mke wa mtoto hakutani na baba mkwe wake. Hawapiti njia moja, hawatazamani, na jina lake halitamki. Wakikaribiana kwa bahati mbaya, yeye anajifunika na mzee anageukia pembeni. Sisi tumebatizwa, na mchungaji alisema si dhambi kukutana, lakini mwili una mazoea yake. Si uadui, ni heshima. Kwa hiyo Alinanuswe alipoolewa, baba yake, Mzee Eliezeri wa Tukuyu, hakusumbua sana juu ya ng'ombe wa mahari. Aliomba jambo moja tu: binti yake awe na nyumba yake na njia yake ya kwenda mtoni. "Siku mtakapomweka penye macho ya mkwewe," alisema, "nitajua hamumtaki, nitamchukua." Jailos akakubali mbele za wazee. Gideoni akajenga nyumba ya mianzi, ndogo, nzuri, iliyosiribwa kwa udongo mwekundu, na Alinanuswe akaipaka mwenyewe.

Jailos si mtu mbaya. Ila kodi ilikuwa imemchosha tangu alipokuwa machimboni Chunya. Huko aliwahi kukutwa barabarani bila cheti cha kodi, naye alikuwa amekiacha kwenye koti jingine tu, wakampeleka kulima barabara na wahalifu. Tena baiskeli ya Gideoni, iliyokuwa ikipeleka viazi vyetu sokoni, kila mwaka ilidaiwa leseni mpya. Jailos alikuwa akisema, "Barabara nimeilima mimi kwa mikono yangu, halafu mwanangu analipia kupita juu yake." Na hapo alisema kweli.

Basi Bwana Muhidini alipokuja kununua viazi, Jailos hakumpa hata nafasi ya kukaa.

"Ni kweli ya Iringa?"

"Mzee Jailos, Iringa wamehesabu mpaka mabanda ya kuku. Jogoo anatoa jina lake na la baba yake."

"Na duka lako wewe litahesabiwa mapaa mangapi?"

"Mimi nimeshazoea kukamuliwa. Mimi ng'ombe wa mjini."

"Ng'ombe gani, mtu wa pwani wewe! Hata pembe huna."

Walicheka. Mimi sikucheka. Nikamwuliza, "Shemeji, wewe umeyasikia kwa nani?"

"Kwa dereva."

"Na dereva je?"

"Mama Gideoni, maneno ya dereva hayana mwenyewe. Yana petroli tu."

Alisema kwa utani, akapakia viazi vyake akaenda. Lakini Jailos alibaki ameinama, anachora chini kwa kijiti, na mimi nilijua anachora mapaa.

Kesho yake akatutangazia. "Tunaibomoa ile ndogo kabla karani wa kodi hajafika. Akishapita tunaijenga tena. Mianzi ipo, udongo upo, unalipiwa nini?"

"Na Alinanuswe?" nikasema. "Ana mimba yule."

"Atakaa jikoni kwako."

"Jikoni kwangu na mlangoni kwako ni hatua za kuku, baba Gideoni. Ulimwahidi nini Mzee Eliezeri?"

"Nitakohoa."

"Utafanyaje?"

"Nikitaka kutoka nje nitakohoa, ajue, asitoke. Yeye akitaka kutoka atakohoa, nami nitulie. Ni kwa muda tu."

Gideoni alitazama chini. Ni mtoto mtiifu kupita kiasi, na huo nao ni ugonjwa. Akabomoa. Alinanuswe mwenyewe alibeba mianzi akaipanga kando ya migomba, akaniuliza polepole, "Mama, nyumba yangu imekosa nini?" Kisha Gideoni akaifungua baiskeli: magurudumu juu ya dari, fremu ndani ya kihenge chini ya mahindi, mnyororo ndani ya kopo. Tangu siku hiyo viazi vya sokoni akawa anabeba kichwani.

Mwanzoni ile kazi ya kukohoa ilikwenda. Ilikuwa hata inachekesha. Jirani yetu Lea alisema mji wetu umegeuka zahanati. Lakini ulikuwa ni wakati wa kipupwe, na baridi ya mlima mnaijua. Jailos akashikwa na kifua cha kweli. Akawa anakohoa akiwa amelala, anakohoa akila, anakohoa akisali. Alinanuswe kule jikoni hajui kipi ni kikohozi cha ugonjwa na kipi ni cha njia. Akisikia tu anarudi ndani. Akatulia humo kwenye moshi, macho mekundu, miguu imevimba. Hata haja alikuwa anaizuia mpaka nimwambie mimi kwamba mzee amelala.

Nilimwambia Jailos, "Mtoto huyu ataharibika tumboni kwa ajili ya kikohozi chako."

"Nikohoe vipi basi?" akasema, machozi yakimlengalenga. "Nipige filimbi?"

"Jenga ile nyumba."

"Karani akipita."

Na mimi sikuwa naogopa karani tena. Nilikuwa namhofia mjukuu wangu wa kwanza, na naogopa habari isije ikafika Tukuyu.

Karani akaja mchana, jua likiwa limetoka kidogo. Kijana Mhehe wa Iringa, jina lake Philbert, ameongozana na askari. Alikuwa na adabu, alisalimia vizuri, akaketi kwenye kigoda. Akasema watu wote wa mji watoke uani awaone. Tukatoka mimi, Jailos na Gideoni.

"Ndio hawa tu?"

"Ndio hawa," akasema Jailos, akakohoa, maana kifua kilikuwa bado. Na kule jikoni, Alinanuswe, akidhani ni ishara ya njia, akakohoa naye kujibu.

Karani akainua kichwa. "Nani anakohoa jikoni?"

"Hakuna mtu," akasema Jailos.

"Hakuna mtu, na anakohoa?"

"Ni... ni jiko."

"Jiko lenye kifua!" Askari akacheka, akasogea mlangoni. Nikamkimbilia mbele.

"Bwana karani, ni mkwe wetu. Hawezi kutoka baba mkwe akiwa hapa uani. Ni desturi yetu."

"Basi baba aondoke."

"Akiondoka utamhoji nani? Ndiye mwenye mji."

Karani akanitazama kwa kunihurumia kidogo, kama mtu aliyeshasikia mengi. "Mama, nimeonywa kabla sijaja. Wanaume wengine huku wanajifunga kanga ili wasihesabiwe. Atoke nimwone uso, nami nitakwenda."

"Ana mimba, baba!"

"Vizuri. Hilo mwanaume hawezi kulivaa."

Askari akausukuma mlango. Moshi ukatoka, na Alinanuswe akatoka na moshi, kanga imemwanguka mabegani, anashika tumbo. Jailos hakuwa na pa kwenda. Nyuma yake banda la kuku, mbele yake mkwewe. Walitazamana. Nilikuwepo, niliona. Kisha mume wangu, mtu mzima aliyekaa machimboni, akapiga magoti akaelekeza uso kwenye banda la kuku, akajifunika koti kichwani.

Hata askari hakucheka sasa.

Philbert akasimama. Nadhani hapo ndipo alipoamini. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, kwa nini binti huyu hana nyumba yake?"

Nikamweleza yote, ya lori, ya mapaa, ya magurudumu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Nani amewaambia nahesabu nyumba? Kodi ya nyumba ni ya mjini, ng'ambo ya mto ule. Huku nahesabu wanaume na baiskeli, basi. Na baiskeli ni leseni moja, si kwa gurudumu."

"Na Iringa je? Wanasema wamehesabu mabanda ya kuku."

"Mimi nimetoka Iringa, mama. Mama yangu ana kuku. Hakuna aliyewahesabu."

Wakati huo askari alikuwa amechomeka fimbo yake kwenye kihenge, ikagonga chuma. Wakafukua mahindi, wakatoa fremu. Karani akaitazama kwa huzuni. "Iliyofunguliwa ni baiskeli vilevile," alisema. "Na iliyofichwa ina faini. Sikupenda, lakini huyu askari ameona." Aliandika, akaaga, akaenda. Jailos bado alikuwa ameelekea banda la kuku.

Alinanuswe alifunga vitu vyake bila kelele. Nilimshika mkono, nikamwomba. Akasema, "Sina hasira na baba, mama. Ameona haya kuliko mimi. Lakini kwetu watasikia, na ni heri wasikie kwangu." Gideoni akakimbilia vile vipande ili ampeleke kwa baiskeli mpaka kwenye basi la Tukuyu. Nati zilikuwa zimepotelea kwenye mahindi. Gurudumu halikushika. Wakaenda kwa miguu, yeye na miguu yake ile iliyovimba, mume wake nyuma amebeba mkeka.

Wazee wa kanisa walikwenda kumwona Mzee Eliezeri. Aliwapa maziwa na ndizi, akawasikiliza, akasema, "Mtoto atazaliwa hapa. Binti yangu atarudi nyumba itakaposimama, na nitakuja kuiona kwa macho yangu." Hakutukana. Afadhali angetukana.

Mtoto alizaliwa salama, Mungu asifiwe, ni wa kike. Nimekwenda kumwona mara moja. Alinililia kama mgeni, na kweli ni mgeni mimi kwake. Jailos hawezi kwenda. Anajenga. Mvua zilianza mapema, udongo hauushiki mwanzi, anasiriba leo na kesho umemomonyoka, naye anasiriba tena. Gideoni amebaki kukaa zaidi Tukuyu kuliko hapa, na simlaumu.

Sisemi kodi ni nzuri. Inauma, na inauma zaidi kwa sababu hakuna anayekuja kutueleza kabla. Anayekuja ni wa kuhesabu. Kama mtu mmoja angetuambia mpaka wa mji ni wapi, nyumba ile ingekuwa imesimama. Lakini na sisi hatukuuliza. Tulimwamini dereva kwa sababu alisema lile tulilokuwa tunaliogopa, na mwenye hofu hataki ushahidi. Nimewaandikia akina mama wenzangu kwa sababu nasikia mwaka huu tena kuna maneno, eti safari hii ni madirisha.

Ya kuepuka ni haya:

Msibomoe nyumba yenye mtu ndani yake kwa ajili ya maneno ya njiani. Nendeni Boma kwanza mkaulize, na muulize zaidi ya karani mmoja.

Msifiche baiskeli. Ikiwa leseni imewashinda, semeni imewashinda.

Msiseme kwamba mtu hayupo wakati yupo, hata kama ni kwa heshima.

Msimweke mke wa mtoto jikoni mkasema ni kwa muda.

Msiwaache wanaume waamue peke yao mambo ya nyumba ambayo hawatalala ndani yake.

Msingoje mpaka karani apite.