Boti ya Nikolao Juu ya Newala

Wanawake wenzangu waume zao walipotoka kazini kwenye mkonge waliletewa khanga. Mimi nililetewa boti. Lori la korosho lilisimama mbele ya nyumba yetu hapa Newala, wanaume wakaishusha kwa kelele nyingi, na mume wangu Nikolao akaruka kutoka juu ya lori akicheka peke yake.

"Mama Ursula," akasema, "tumepata."

Nikamuuliza tumepata nini. Akanieleza kwamba Mzungu wake wa shamba la mkonge kule Lindi amefunga virago baada ya Azimio la Arusha, na boti yake ya kuvulia samaki amemwachia yeye aliyekuwa akiiosha. Ilikuwa boti kuukuu ya mbao, fupi na pana. Mbele kabisa, mahali ambapo boti nyingine hufunikwa, palikuwa na viti vya watu kukaa wapigwe na upepo. Niliizunguka yote, kisha nikamuuliza swali moja tu: maji yako wapi?

Kwa msioijua Newala, sisi tunakaa juu, kwenye mchanga unaomeza mvua yote. Hatuna mto, hatuna ziwa, hatuna hata dimbwi la bata. Siku hizo bomba lilikuwa likikohoa kidogo na kunyamaza wiki nzima, na likinyamaza sisi wanawake tuliteremka bondeni na madebe alfajiri, tukarudi kupanda nayo kichwani jua likiwa utosini. Shingo yangu hii mnayoiona ni ya kazi hiyo. Na huyu bwana ameleta boti!

"Tutaishusha Ruvuma," akanijibu. "Kule kuna kambale wanene, we acha tu."

Ni kweli, ukisimama kwenye ukingo wa mlima unauona Ruvuma ukimetameta kule chini. Ila ng'ambo yake ni Msumbiji, na Msumbiji kulikuwa na vita. Mreno alikuwa akimpiga risasi hata mtu anayenawa uso mtoni. Basi Nikolao akasema tungoje vita viishe, na huku tukingoja yeye ataitengeneza.

Jamani, aliitengeneza! Alifunga usukani wa Landrova iliyokufa. Viti vya mbele alivishonea mito ya sufi, akaivisha plastiki nyekundu. Akaipaka boti nzima rangi ya kijani. Kila alipotoka shamba alikaa kiti cha mbele na fimbo yenye uzi na ndoana, akawa anarusha kwenye mchanga na kuvuta, ili mkono usisahau kazi. Siku moja alimnasa kuku wa jirani yetu Siti. Walitukanana mpaka majirani wakaingilia, Nikolao akidai kuwa mradi ndoana imeshika, huyo ni wake.

Kilichobaki kilikuwa matundu. Fundi wa boti Newala hayupo, na sababu nimekwisha kuitaja, kwa hiyo akaitwa Gervas, fundi baiskeli wa Chiungutwa. Gervas aliigongagonga boti, akaweka kalamu sikioni.

"Tundu ni tundu tu," akasema. "Tuijaze maji. Yatakapotokea, naziba. Yasipotoka nje, yatawezaje kuingia ndani?"

Nikolao akatikisa kichwa kukubali. Na mimi, nisiseme uongo, niliona ni maneno ya mtu mwenye akili. Nani kati yetu aliwahi kuogopa maji yaingie mahali? Maisha yetu yote tumeogopa yasitoke. Kisha wote wawili wakageuka kunitazama, maana maji ya kujazia hayakuwa na mchukuzi mwingine.

Niliteremka na kupanda mpaka nikamchukia kila samaki wa dunia hii. Siti na wengine walinisaidia, kwanza kwa kunicheka, baadaye kwa huruma. Kila tundu lilipovuja Gervas aliingia ndani akapigilia bati la debe na lami, kwa ndani, huko huko yalikokuwa maji. Mwishowe boti ikajaa pomoni na halikutoka hata tone. Nikolao alipiga vigelegele kana kwamba yeye ndiye mama wa harusi.

"Imepona!" akasema. "Sasa tuyamwage."

Nikakaa juu ya ubavu wa boti. "Baba Ursula, ukimwaga tone moja la maji haya, mimi narudi kwetu Lulindi na mtoto naondoka naye."

Alinitazama akajua sitanii. Hayakumwagwa.

Tangu hapo boti ilikuwa na mabwana wawili. Yeye aliongeza taa ya mbele na honi. Mimi nikamwita Gervas anifungie koki nyuma, kisha aniwekee mfereji wa bati kutoka paani ili mvua iingie humo. Yeye aliweka mahali pa kutundika nyavu, mimi nikaweka mfuniko. Kukaa alikaa, lakini kwa sheria yangu: miguu nje. Wanawake wa pale wote walichota kwangu, na kwa mara ya kwanza nililala mpaka jua likatoka. Wakimbizi waliovuka kutoka Msumbiji walikunywa hapo. Mmoja wao aliuliza kwa adabu kama bahari iko karibu.

Ndege za Mreno zilipozidi kupita, mgambo waliifunika boti kwa matawi ya mikorosho, Nikolao akiwalilia wasikwaruze rangi. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa nyumba tuliiacha, boti tukaenda nayo. Wanawake walitangulia na maji yake vichwani, mstari mmoja mrefu, wanaume wakafuata na boti tupu mabegani. Tulipofika tukayarudisha.

Halafu vita vikaisha. Watu wakacheza ngoma, na mimi nikacheza, ila moyo wangu ulikuwa mzito, maana nilijua kitakachofuata. Ilikuwa kiangazi, bomba limekauka, na boti imebaki na maji ya kutufikisha kwenye mvua kama tukibana sana. Nikolao akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Hamidu, kuomba lori. Nikamfuata.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Ursula."

"Boti hiyo ndiyo kisima chetu. Mtu anaomba lori la kubebea kisima akavulie samaki!"

Mzee Hamidu alifikiri. Akasema mwanamume huyu amengoja vita vizima, apewe siku yake moja. Maji yagawiwe kwenye madebe, na kesho yake boti irudi. Nililia kwa hasira nikichota yale maji. Mengine yalimwagika mchangani mbele ya macho yangu, mchanga ukayanywa.

Tulishuka Ruvuma kijiji kizima. Boti ilikwaruza kokoto, ikaelea. Nikolao alikaa kwenye kiti chake chenye mto mwekundu, akashika fimbo, akapiga honi. Watu wakashangilia. Hakuwahi kurusha ndoana. Maji ya Ruvuma yalisukuma kutoka nje, bati la kwanza likabanduka, la pili likafuata, yote yakaachia kuangukia ndani. Gervas alisimama ukingoni ameshika kichwa. Boti ikashuka taratibu ikakaa kwenye mchanga wa chini, na Nikolao akabaki ameshika fimbo, maji yakiwa kifuani.

Watu walianguka kwa kicheko. Mimi nilikuwa na maneno yangu tayari, nimeyapanga njia nzima. Nikavuta khanga juu nikaingia mtoni kumwendea. Nilipoufikia ubavu wa boti nikasimama. Ilikuwa imejaa. Maji yalikuwa yakipita juu ya mbao, yakiingia na kutoka, na hakuna mwanamke aliyeteremka bondeni na debe kuyatafuta.

Nikapanda, nikakaa kando yake.

"Toka, Mama Ursula," akasema kwa sauti ndogo. "Kuna mamba huku. Nimekosea, nisamehe."

"Wangoje," nikamwambia. "Sogea."

Nikachota kwa viganja viwili nikajimwagia kichwani. Nikachota tena. Shingo ikalegea, nikaanza kulia kwa sauti mbele ya kijiji kizima, nikijimwagia na kumwaga, na hakuna aliyeniambia nisiyapoteze.