Diski Iliyokataa Kuonekana

Hakuna adabu inayomfundisha mwanamume namna ya kuingia chini ya meza mbele ya mama mkwe wake. Ukiinama, unamgeuzia makalio. Ukimkabili, huoni waya. Injinia, ambaye uinjinia alijipa mwenyewe siku alipochapisha kadi zake za kwanza, alichagua kuingia kiubavu kama kaa, tumbo likikwaruza saruji.

"Imeonekana?" mama mkwe akauliza kutoka kitini.

"Bado kidogo, Mama."

Hiyo ilikuwa "bado kidogo" ya saba tangu asubuhi.

Mama mkwe alikuwa mpiga chapa wa miaka thelathini. Kibanda chake cha barua na fomu kilitegemea kompyuta hii kuukuu, na diski yake ilikuwa imeanza kukohoa. Injinia alileta diski mpya ya SSD, nyembamba kama biskuti, ahamishie kazi zote kabla ile ya zamani haijakata roho. Waya wa diski mgonjwa hakuthubutu kuugusa. SSD akaichomeka tundu la pili, kompyuta haikuiona. La tatu, la nne, hola. Akabadilisha waya. Akapuliza vumbi, dawa ya kila fundi aliyeishiwa. Akaanza kuilaani mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, kwa uzee wake, kisha akakumbuka umri wa anayemsikiliza, akameza maneno.

"Ikikushinda," mama mkwe akasema, "nitamwita hata yule mwizi wa ng'ambo ya barabara. Kazi zangu zisipotee."

Injinia aligonga kichwa kwenye meza.

Mwizi wa ng'ambo ni fundi aliyeitwa Bisibisi. Miaka sita iliyopita wote wawili walikuwa wakimtaka binti wa nyumba hii, na wote walikuja kwa kisingizio cha kutengeneza kompyuta. Bisibisi akamuuzia mama diski ya pili, nzuri kabisa, akaifunga. Siku mbili baadaye diski ikatoweka kwenye skrini, na kompyuta ikadai neno la siri kwa yeyote aliyetaka kuingia kwenye mipangilio yake. Injinia akamwambia mama kwamba diski ni mbovu, na kwamba Bisibisi ndiye aliyefunga mipangilio ili wizi wake usigundulike. "Hata mimi hilo neno silijui," aliapa. Mama akavuka barabara na ile diski mkononi, akamwita kijana wa watu mwizi hadi wauza mitumba wakaacha kuuza. Bisibisi hakukanyaga tena upande huu. Injinia akaoa.

Diski, bila shaka, haikuwa na ubovu wowote. Injinia alijua hivyo, na alijua pia kwamba Bisibisi akiifungua hii kompyuta leo, heshima yake yote katika nyumba hii itageuka vumbi. Ila namna hasa alivyoufanya mchezo ule ilikuwa imemtoka kichwani. Fundi hukumbuka ushindi, hakumbuki skrubu.

"Asije mtu, Mama. Acha niangalie mipangilio."

Akatoka chini ya meza, akaketi sakafuni na kibodi mapajani, akawasha upya, akabonyeza kitufe, ukaja ule ukurasa wa bluu unaotokea kabla kompyuta haijaamka vizuri. Kisanduku kikadai neno la siri. Vidole vikaandika, vyenyewe, bila kumwomba ruhusa mwenye navyo. Ukurasa ukafunguka, na hapo akaona: tundu la pili, limezimwa. La tatu, limezimwa. La nne, limezimwa. Yote kwa mkono wake. Alikusudia kuyawasha baada ya wiki moja. Ikaja posa, ikaja harusi, wakaja watoto.

Akayawasha haraka, akahifadhi. Kompyuta ikaamka na SSD ikaonekana, inang'aa juu ya orodha.

"Imeonekana, Mama!"

"Kipusa," mama mkwe akasema.

"Naam?"

"Umeandika kipusa. Jina ninalomwita mke wako." Hakuwa ameitazama skrini hata mara moja. Mpiga chapa wa miaka thelathini hatazami skrini, hutazama vidole. "Neno la siri la Bisibisi umelijulia wapi?"

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Hii ilikuwa imejikokota miaka sita. Injinia alifungua mdomo kutafuta uongo mwingine, akaukosa. Akasema yote, akiwa amekaa sakafuni na vumbi kwenye kidevu. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.



"Anzisha kunakili kwanza," mama mkwe akasema. "Fungua ukurasa mpya. Andika. Yah, kukusingizia wizi."

Injinia akaandika. Alipofika kwenye kosa lenyewe akaandika "huenda kulitokea hitilafu". Kidole cha mama kikagonga meza.

"Futa. Nani alifanya?"

"Mimi."

"Basi iandike hiyo mimi. Na chini yake weka mstari wangu. Mdomo uliomtukana ulikuwa wangu, si wako."

Printa ikalia. Mama mkwe akasaini, akampa kalamu naye akasaini, kisha akagonga muhuri wa kibanda na kutoka na karatasi. Injinia alimfuata hadi mlangoni tu.

Ng'ambo, Bisibisi alikuwa ameinama juu ya redio. Alipoinua macho na kumwona mama anavuka barabara anakuja kwake, aliacha redio wazi kama ilivyo, akashusha geti la bati mpaka chini na kujifungia ndani.

Mama akabisha. Akabisha tena.

"Mama, nakuomba," sauti ikatoka nyuma ya bati, "mara hii sijafanya kitu."

Mama mkwe akaifuta miwani kwa ncha ya kanga, akaivaa, kisha akaanza kuisoma barua mbele ya bati lile, kwa sauti ileile ya miaka sita iliyopita, hadi wauza mitumba wakaacha kuuza.