Kifaa Alichokichomelea Mume Wangu

Mungu wangu! Mume wangu alikuwa ananing'inia katikati ya sebule, kichwa chini miguu juu, shati limemfunika uso na kitambi kiko nje. Mkoba wa sokoni ulinidondoka. Niliganda pale mlangoni nikidhani nimemkuta maiti. Maiti ikasema, "Mke wangu, usipige kelele. Fungua komeo."

Nikapiga kelele.

Mgongo umemtesa miaka mingi. Ni fundi wa kuchomelea mageti, kazi ya kuinama kutwa, na sasa hata kuvaa soksi anavalishwa. Wiki iliyopita tulikwenda kwa mtaalamu wa viungo hospitalini, naye akatuelekeza cha kununua: mkeka wa mazoezi, mikanda ya mpira ya kuvuta, na ule mpira mkubwa wa kukalia. "Vitanda vya kumgeuza mtu kichwa chini usiviguse," alimwambia. "Una presha." Mume wangu akaitikia kwa adabu zote.

Dukani akaubonyeza mpira kwa kidole, akacheka. "Mtu mzima mimi, nikalie puto?" Kwake yeye kitu kisicho na chuma si kitu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitanda cha kugeuza, akakizunguka, akapapasa maungio yake, akakipima kwa shibiri. Nilimvuta mkono, tukanunua tulivyoambiwa, nikajua yamekwisha. Kumbe mwenzangu alikuwa ameshakichora kichwani.

Akakitengeneza karakanani kwake kwa mabomba yaliyobaki. Cha dukani kina mpini mrefu unaofika mkononi, ili mtu ajifungue mwenyewe. Yeye aliuona urembo tu, akauacha. Miguuni akafunga komeo la geti, maana ndiyo kazi anayoijua. Sasa ili kulifungua lazima ujikunje hadi kwenye vifundo vya miguu. Angekuwa anaweza kujikunja hivyo, mgongo ungekuwa unamuuma?

Nililigonga komeo kwa kisigino cha kiatu mpaka likaachia, akaanguka kama gunia. Uso umevimba, macho mekundu. Nikawa nampepea na kumtukana kwa pamoja.

"Umekaa hapo tangu saa ngapi?"

"Tangu ulipotoka."

"Ungekufa wewe! Ningewaambia nini watu?"

Kisha akasema taratibu, bila kunitazama, "Usinikasirikie. Nilitengeneza viwili."

"Kingine kiko wapi?"

"Kwa mama."

Mama yake alikwishafariki. Ilinichukua muda kuelewa anamsema nani.

"Mama yangu?"

"Nilimpelekea asubuhi, kabla hujaenda sokoni. Si naye analalamika kiuno?"

Mama yangu anaishi peke yake, mtaa wa nyuma yetu, na presha yake inamshinda huyu kwa mbali. Nilipiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Nikatoka mbio miguu mitupu, naye nyuma yangu, amepinda, anashika kuta za watu ili asianguke.

"Mama!" Nikausukuma mlango.

Alikuwa juu ya kile chuma, miguu imeshafungwa, gauni amelibana vizuri katikati ya magoti. Kitanda kilikuwa kimeanza kugeuka, naye amekamata nondo za dirisha kwa mikono yote miwili ili kisimgeuze zaidi.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ndogo, "njoo unishike. Nimechoka."

Nilimkumbatia mabega nikaubeba uzito wake. "Mama, ulipanda kwa nini? Na presha yako hiyo?"

"Mkwe wangu kanitengenezea kwa mikono yake. Akija kuniuliza kama nimekitumia, nimjibu nini?"

Nilimgeukia mume wangu. Huyu ni mtu ambaye humwamkia mama akiwa mlangoni, macho chini, na hajawahi kukaa naye kiti cha karibu. Sasa alijitupa kwa magoti kwenye miguu ya mama. Komeo lilikuwa jipya, limebana. Alilivuta kwa nguvu zake zote, machozi yanamtoka, anarudia, "Nisamehe mama, nisamehe mama," mpaka likaachia kwa kishindo.

Nikamteremsha mama sakafuni. Alikuwa anahema, jasho linamtoka, lakini alikuwa mzima. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti. Hapo ndipo nikasikia ukelele nyuma yangu.

Mume wangu alikuwa amebaki vilevile alivyopiga magoti, viganja sakafuni, hawezi kuinuka wala kulala.

"Usiniguse," alisema meno yamebana. "Kitu kimekatika. Miguu siisikii."

"Unasema nini wewe?"

"Siisikii. Mnyanyue mama kwanza."

Mama naye akanisukuma kwa mkono usio na nguvu. "Niache mimi. Mnyanyue mkwe wangu kwanza."

"Hapana, mama kwanza."

"Mkwe wangu kwanza, nimesema."

Hata hapo walikuwa wanaheshimiana. Niliwafokea wote wawili wanyamaze, nikampigia jirani mwenye gari, kisha nikaketi sakafuni katikati yao, mkono mmoja kwa mama, mwingine kwenye mguu wa mume wangu. Nikaufinya kwa nguvu. Nikamuuliza kama anasikia chochote.